Fungu la Aliyetangulia

Ndani ya bahasha ya kaki ninayoiweka chini ya nguo zangu za Jumapili, hapa Nakuru, kwa miaka mlikuwa na vyeti viwili vya kifo. Kimoja ni cha baba, aliyefariki Agosti 2011. Kingine ni cha kuka, baba yake, aliyemfuata Machi 2018. Kwa muda mrefu niliviona kama karatasi za msiba tu, za kuonyesha shuleni tukiomba basari. Sikujua kwamba kutangulia kwa tarehe moja na kufuata kwa nyingine ndiko kungeamua kama mimi na wadogo zangu tuna mahali pa kukanyaga Lugari.

Kuka alipata shamba lile baada ya Uhuru, serikali ilipokuwa ikinunua mashamba ya walowezi na kuyakata kwa ajili ya Waafrika. Hadi leo wazee wa kule hawasemi Lugari, husema "skimu". Alitoka Kakamega kwenye kijishamba cha kugawana na ndugu watano, akaingia kwenye ekari kumi na tano za mahindi na deni la serikali shingoni. Alilipa deni hilo kwa magunia, msimu baada ya msimu, na siku aliyopata taito, hati ya kumiliki shamba, alichinja fahali. Hiyo fahali nimehadithiwa mara nyingi kiasi kwamba nadhani niliila.

Mwaka 2004 alipanda matatu mpaka Eldoret, akaketi mbele ya wakili, akaandika wosia. Alitia sahihi mbele ya mashahidi wawili, kama sheria inavyotaka, na wote wawili walikuwa watu baki wasiopata chochote ndani yake. Baba mkubwa ekari nne na nyumba ya kuka. Baba yangu ekari tatu za upande wa mto. Baba mdogo ekari tatu. Shangazi zangu wawili ekari moja moja, jambo ambalo wazee wenzake walimnong'ona sana, maana walikuwa wameolewa. Zilibaki ekari tatu, na juu ya hizo aliandika kwamba zigawiwe sawa kwa watoto wake "watakaokuwa hai siku ya kufa kwangu".

Shangazi mkubwa akafa 2007, Kisumu alikoolewa. Baba akafa 2011. Kuka aliwazika watoto wake wawili na hakurudi tena Eldoret kubadilisha hata neno moja. Simlaumu. Mzee akishamzika mwanawe, kumwambia afungue tena karatasi yenye jina la mwana huyo ni kumwambia amzike mara ya pili.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi watu huketi kunyolewa nywele, na hapo ndipo madeni hutajwa: nani alimkopesha marehemu, nani alikopa kwake, ng'ombe wa nani yuko kwa nani. Siku hiyo baba mkubwa, ambaye kuka alimtaja kuwa wasii, alitoa nakala ya wosia, akaisoma polepole akiitafsiri kutoka Kiingereza cha mawakili. Alipofika kwenye jina la baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndugu yangu alitutangulia. Marehemu hapewi shamba. Fungu lake linarudi chunguni, na la dada yetu vilevile, na mzee mwenyewe ameandika walio hai."

Wazee wakaitikia. Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka na wanawake wengine, akiangalia mikono yake.

Nataka niseme ukweli kuhusu baba mkubwa, kwa sababu makala za namna hii hupenda kumfanya baba mkubwa fisi. Huyu ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha tatu na cha nne. Alikuwa anaamini alichokisema. Lakini pia hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyesoma darasa la nne: ekari tatu za salio, pamoja na tatu za baba na moja ya shangazi, ni ekari saba, za kugawanywa kwa watoto watatu waliosalia. Imani na hesabu zilikuwa zimeangalia upande mmoja.

Wiki mbili baadaye alimletea mama karatasi za kutia kidole, za kusema hatuna pingamizi. Mama angetia. Alinipigia simu kunijulisha tu, kama mtu anavyokujulisha kwamba mvua imenyesha. Nikamwambia, "Mama, weka kwanza. Nakuja."

Sikwenda moja kwa moja. Nilipita kwanza kwa wakili mmoja hapa Nakuru, mama mtu mzima mwenye ofisi ndogo juu ya duka la mbegu. Nilianza kumweleza habari ya fahali na deni na mto. Akaniinulia kiganja. "Nani alikufa kwanza, baba yako au babu yako?"

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzitazama zile tarehe mbili kama kitu kimoja.

Sheria yetu ya urithi, Sura ya 160 ya Sheria za Kenya, ilipitishwa 1972 ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1981. Kwa jumla inasema kile alichosema baba mkubwa: zawadi aliyoachiwa mtu kwenye wosia, mtu huyo akimtangulia mwenye wosia, hufa pamoja naye na kuangukia salio. Kuka angemwachia jirani yake ekari moja na jirani akatangulia, watoto wa jirani wasingekuwa na la kusema. Lakini mwishoni mwa sheria hiyo kuna majedwali, na Jedwali la Pili linaweka tofauti kwa ajili ya damu ya mwenye wosia mwenyewe. Aliyepewa akiwa ni mtoto wake, au kizazi chake kwa jumla, na ametangulia lakini ameacha watoto walio hai siku mwenye wosia anapokufa, zawadi haifi. Watoto wale huingia mahali pa mzazi wao na kuchukua lile lile alilopewa. Isipokuwa tu kama wosia wenyewe unaonyesha mwenye mali alitaka vingine.

"Isipokuwa hiyo," wakili akasema, "ndiyo mtakayopigania."

Alikuwa anazungumzia yale maneno, watakaokuwa hai. Aliniwekea nakala ya wosia mezani na kunionyesha kwa kalamu mahali yalipo. Yalikuwa kwenye kifungu cha salio peke yake. Kwenye ekari tatu za baba hapakuwa na "akiwa hai", hapakuwa na "iwapo ataniona nikifa". Palikuwa na jina lake, namba ya kitambulisho, na mto. Mtu aliyejua kuandika walio hai pale alipotaka walio hai, akaacha kuyaandika mahali pengine, hawezi kusomwa kana kwamba aliyaandika kila mahali. Nilitoka ofisini mle nikiyarudia maneno hayo kwa sauti barabarani. Na yalikuwa na upande wake wa pili, ambao wakili hakunificha: zile ekari tatu za salio hatukuwa na haki nazo. Huko kuka alikuwa amesema anachotaka. Tulikuwa na haki ya fungu la baba, lote, na hakuna zaidi.

Wengi huniuliza, na kama hakukuwa na wosia? Jibu linakaribiana, kwa njia nyingine. Kifungu cha 41 kinasema mtoto wa marehemu aliyetangulia, watoto wake huchukua sehemu ambayo mzazi wao angepata, wakigawana sawa. Na hesabu hufuata shina, haifuati vichwa. Sisi tuko watatu kwa baba, kwa hiyo ekari zake tatu ni moja moja. Tungekuwa sita, ingekuwa nusu nusu. Tungekuwa mmoja, tatu zote. Hakuna anayepunguziwa wala kuongezewa kwa sababu nyumba ya ndugu ina watoto wengi au wachache.

Binamu zangu wawili, watoto wa baba mdogo, walipata habari hii nusu nusu wakaanza kuulizia ekari zao pia, kwamba mjukuu ni mjukuu. Hapana. Baba yao yuko hai, anakamua ng'ombe kila asubuhi. Mahakama Kuu imeliweka hili wazi zaidi ya mara moja: mjukuu humrithi babu moja kwa moja mzazi wake akiwa amekufa, lakini mzazi akiwa hai, urithi unampitia yeye. Ipo njia nyingine, ya mjukuu ambaye babu alikuwa akimlisha na kumsomesha mpaka siku anakufa. Huyo anaweza kuiomba mahakama imtengee kitu kama tegemezi, hata kama wosia umemsahau. Ila lazima aombe kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama, na lazima aonyeshe huo ulezi. Binamu zangu hawakuwa na ulezi wa kuonyesha.

Sasa nije kwa mama, maana hapa ndipo paliponiuma na bado panauma.

Nilifika Lugari usiku, nikamkuta ameniwekea chai kwenye thamosi. Nikamweleza kwa furaha, karatasi nimezitandaza mezani: fungu la baba halijafa, ni letu. Akauliza, "Letu, sisi wanne?" Nikasita. Nilikuwa nimemuuliza wakili swali hilohilo. Jedwali linataja kizazi cha mwenye wosia. Kifungu cha 41 kinataja watoto wa mtoto. Orodha ya tegemezi kwenye kifungu cha 29 ina wake wa marehemu, watoto, wazazi, wajukuu, hata ndugu. Mkaza mwana hayumo. Mama aliyelima upande wa mto tangu 1988, aliyemuuguza kuka mwaka mzima wa mwisho, akimgeuza kitandani kila usiku, mbele ya sheria hii si mrithi wa mkwewe.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo hapa mimi ni mgeni wa watoto wangu."

Nilimwambia mambo mengi usiku ule, na sikumbuki hata moja lililofaa. Tulichofanya baadaye kilifaa zaidi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka kumi na sita, na fungu la mtoto hushikwa na wadhamini mpaka afike kumi na minane, kwa hiyo mama aliwekwa kuwa mmoja wa wadhamini hao. Na sisi wawili wakubwa tuliandika kwa wakili kwamba nyumba ya mama na bustani yake hazitaguswa, haziuzwi, haziwekwi rehani, muda wote anapovuta pumzi. Nawasihi wenzangu mlio katika hali hii, msimwachie mama yenu maneno ya mdomo. Leo mnapendana. Kesho mmoja wenu ana mkopo wa simu na mwingine ana mume mwenye maoni.

Kinachonishangaza ni kwamba tarehe zingegeuka tu, mama angekuwa na nafasi. Rafiki yangu anayeuza viazi soko la Wakulima hapa mjini ana kisa kinachofanana na changu kwa kila kitu ila mpangilio. Babu yake alikufa kwanza, 1998, na baba yake akafuata 2006, kabla ya mtu yeyote kufungua faili mahakamani. Watu wa kwao walimwambia yuko kama mimi, aingie mahali pa baba. Hayuko kama mimi. Baba yake alikuwa hai babu alipokufa, kwa hiyo fungu lilikwisha kuwa lake siku ileile, hata kama hakuna karatasi iliyosema hivyo. Alipokufa naye, fungu likawa sehemu ya mali yake mwenyewe. Hapo zinahitajika saksesheni mbili, yaani kesi mbili za urithi, ya babu na ya baba, na ndani ya hii ya pili mjane ana haki ya kuitumia mali ile maisha yake yote kabla haijawafikia watoto. Rafiki yangu alikuwa amelipa ada za kesi aliyoipanga vibaya. Ilimbidi aanze upya.

Kwa ndugu Waislamu mambo ni tofauti, maana kwenye sehemu kubwa ya urithi sheria hii inawaachia sheria yao, na wengi huenda kwa Kadhi. Kwa fikihi inayofuatwa kwetu, mjukuu ambaye baba yake ametangulia huzuiwa na mtoto wa kiume aliye hai wa babu. Babu anayetaka wajukuu hao wapate kitu ana thuluthi yake ya kuusia, na inafaa auandike wosia huo mapema.

Na wale wanaosema mila ndiyo hutawala mashamba yetu: hilo nalo nililiuliza. Sheria iliacha mila ya kabila itawale mashamba ya asiyeacha wosia katika wilaya chache zilizotajwa, za wafugaji, kama Turkana, Samburu, Wajir na Narok. Magharibi hatumo.

Baba mkubwa alifungua faili kama wasii. Tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la serikali, likatoa siku thelathini za mtu kupinga, nasi tukapinga. Hakimu alilisoma pingamizi letu, akatutazama jinsi tulivyoketi, nusu upande huu nusu upande ule wa chumba kimoja, akatupeleka kwa upatanishi unaosimamiwa na mahakama. Ilikuwa 2019. Mpatanishi alikuwa mwalimu mstaafu. Hakupayuka sheria hata kidogo. Alimpa baba mkubwa wosia, akamwomba asome kwa sauti kifungu cha baba peke yake. Baba mkubwa akasoma. Akamwomba asome cha salio. Akasoma. Akamuuliza, "Mzee alikuwa mtu wa kusahau maneno?"

Baba mkubwa alikaa kimya muda mrefu. "Hapana," akasema. "Mzee hakuwa mtu wa kusahau maneno."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa tayari nakunja karatasi. Mpatanishi akateremsha kidole chake kwenye karatasi ileile na kuuliza, "Na huyu binti wa ekari moja, aliyefia Kisumu. Aliacha mtoto?"

Chumba kizima kilinyamaza, na safari hii nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Shangazi aliacha mvulana wa miaka mitatu. Alilelewa na watu wa baba yake, kule Kondele. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kwenye mazishi ya kuka, amesimama nyuma na sare ya shule, hakuna aliyempa kiti. Mimi niliyezunguka mwaka mzima na Jedwali la Pili mkobani, niliyelijua kwa moyo, sikuwahi kulisoma kwa jina lake. Sheria inasema mtoto, haisemi mtoto wa kiume. Kilichotuleta sisi upande wa mto ndicho kilichomleta yeye kwenye ekari ya mama yake, neno kwa neno. Nilikuwa nimemsahau kama baba mkubwa alivyotusahau sisi, na sikuwa na njaa ya ekari ya kusingizia.

Aliandikwa kwenye mapatano siku hiyohiyo. Kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na mitano, shangazi aliyebaki na baba mdogo wakawa wadhamini wake. Korona ikafunga mahakama, hati ikathibitishwa 2021, savea akaja, mawe yakapandwa. Kwenye kona ya ekari yake umesimama mti ambao sisi tunauita lusiola. Alipokuja kuuona akauita siala, kama wanavyouita kwao Kisumu.

Sasa ana miaka ishirini na mmoja, anachomelea mageti Kondele, na anataka taito yake. Tumegonga ukuta mdogo. Kwenye hati ya mahakama ameandikwa kwa jina alilopewa na kukhu, bibi yetu, alipozaliwa, ndilo tulilokuwa nalo sisi. Kitambulisho chake kina jina la babu yake wa upande wa baba. Ofisi ya ardhi haimjui huyo wa kwenye hati. Wakili anasema si kesi mpya, kosa la jina mahakama ina uwezo wa kulirekebisha kwa ombi tu, mradi tulete cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama yake, na hati ya kiapo ya mtu wa familia anayemjua kwa majina yote mawili.

Cheti cha mama yake tulikipata kwa mwenye nyumba wao wa zamani Nyalenda, ndani ya sanduku la bati. Sasa kimo kwenye bahasha ya kaki pamoja na vile viwili. Kiapo nitaapa mimi. Alhamisi nashika matatu ya kwanza.